FM1-43 kwenye sinapsi: rangi nzuri kwa anayejua inapima nini

FM1-43 ni rangi inayong'aa ikipigwa mwanga, inayotumika kufuatilia vifuko vya sinapsi, yaani maungio ambapo neva hupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Kwa jicho tupu kichupa chake hakina kitu. Ni miligramu moja ya unga ulioganda chini ya kioo, wakati mwingine umerukia kwenye kifuniko, kwa hiyo kizungushwe kidogo kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa. Uzito wa molekuli ni 611.6. Miligramu hiyo ikiyeyushwa kwenye mikrolita 164 za maji safi au DMSO (kiyeyushi) inatoa akiba ya milimola 10 (mM). Ipunguze mara elfu upate mikromola 10 (µM), nawe una mililita 160 na ushei za mmumunyo wa kazi. Kioo kimoja chenye seli hutumia mililita moja au mbili, hivyo kichupa kimoja kina majaribio mengi ndani yake, mradi mtumiaji asikiharibu kwa kukitoa na kukirudisha kwenye friza kila wiki.

Molekuli yenyewe imeundwa kwa akili. Upande mmoja ina kichwa chenye chaji chanya mbili, na chaji hizo haziiruhusu kupenya utando wa seli iliyo hai. Upande wa pili ina mikia miwili mifupi ya mafuta inayojichomeka kwenye tabaka la nje la utando. Ndani ya maji haing'ai karibu kabisa. Ikiingia kwenye utando mng'ao wake hupanda mara makumi kadhaa. Sasa kifuko cha sinapsi kinapomwaga nyurotransmita (kemikali ya kupeleka ujumbe), utando wake huungana na utando wa nje wa seli, na unapovutwa tena ndani huchota rangi iliyo nje. Osha seli, rangi ya nje inaondoka, iliyochotwa inabaki. Chochea seli mara ya pili, vifuko vinafunguka, rangi inatawanyika majini na doa linazimika. Herufi FM ni za jina la mkemia aliyezitengeneza rangi hizi, Fei Mao, na mwaka 1992 William Betz na Guy Bewick walizionyesha zikifanya kazi kwenye ncha za neva za msuli wa chura. Mwaka uliofuata mbinu ilikuwa tayari kwenye neva za hipokampasi zilizooteshwa maabara, ikisomwa kinundu kimoja kimoja cha aksoni, yaani uvimbe mdogo wa sinapsi kwenye uzi wa neva.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote: rangi hii inasoma safari ya utando. Haijui kama kifuko kilibeba nyurotransmita ya glutamati, ya GABA au hakikubeba chochote. Ukizuia pampu ya protoni ya vifuko kwa dawa ya bafilomycin, vifuko havijazwi nyurotransmita, lakini vinaendelea kuzunguka na kuchota rangi kama kawaida. Ripoti inayosema "utoaji wa glutamati ulipungua" kwa kutegemea FM1-43 peke yake imevuka mpaka wa kipimo. Hilo si kosa la rangi. Ni kosa la msomaji wake, na ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote tutakayoyataja hapa chini.

Kwenye utunzaji haina makuu. Unga ukae nyuzi −20, gizani na pakavu. Akiba igawanywe kwenye vichupa vya mikrolita 5 hadi 10, vifungwe kwa karatasi ya alumini, kila kimoja kitumike siku moja tu. Mmumunyo wa kazi utengenezwe asubuhi ya jaribio, uliobaki jioni umwagwe kwenye taka za kemikali. Tabia moja inaudhi: rangi hunata kwenye plastiki. Mirija ya kupitishia mmumunyo ikishapitisha FM1-43 huendelea kuitoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na "mmumunyo safi wa kuoshea" ukipita humo unarudi na rangi. Tenga mrija wa rangi na mrija wa kuosha tangu siku ya kwanza, tena ule wa rangi uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Wengi hutafuta chanzo cha mng'ao wa nyuma kwenye hadubini, kumbe kiko kwenye mrija.

Tukija kwenye kazi yenyewe, utaratibu unaotoa matokeo thabiti kwenye neva za hipokampasi zenye umri wa siku 14 au zaidi ni huu. Tengeneza mmumunyo wa chumvi: NaCl 119 mM, KCl 2.5 mM, CaCl₂ 2 mM, MgCl₂ 2 mM, HEPES 25 mM, glukosi 30 mM, pH 7.4. Ongeza CNQX 10 µM na APV 50 µM. Dawa hizo mbili huzima vipokezi vya glutamati. Bila hizo neva huchocheana zenyewe, na hutajua misukumo mingapi imepita kweli. Pima osmolariti (ukolezi wa jumla wa vilivyoyeyuka) na uilinganishe na ile ya maji ya kuoteshea seli. Seli zinazotoka kwenye mmumunyo mwepesi na kutumbukizwa kwenye mzito hunywea, na vinundu huhama kutoka kwenye fokasi katikati ya kupiga picha.

Weka FM1-43 ya 10 µM, kisha chochea kwa waya mbili za platinamu zilizo umbali wa sentimita moja, mipigo ya milisekunde 1, mara 10 kwa sekunde, kwa sekunde 60. Hiyo ni misukumo 600, inayotosha kuzungusha karibu vifuko vyote vilivyo tayari kuzunguka. Anayetaka kundi dogo lililo mlangoni tu hutumia misukumo 40 kwa mara 20 kwa sekunde. Uchochezi ukiisha, usioshe mara moja. Iache rangi sekunde 30 hadi 60 zaidi, kwa sababu kuvuta utando kurudi ndani huchukua makumi ya sekunde kwenye joto la chumba, na ukiharakisha utapima vifuko vya haraka peke yake ukadhani ndivyo vyote.

Halafu kuosha, na hapa ndipo jaribio huokolewa au huzikwa. Dakika 10 za mmumunyo unaotiririka, usio na kalisi, wenye magnesiamu 4 mM, na ikiwezekana TTX (sumu inayozima misukumo ya neva) 0.5 µM ili misukumo ya kujitokea isimwage rangi uliyoihifadhi. Katika dakika ya kwanza ongeza ADVASEP-7 ya 1 mM. Hii ni aina ya siklodekstrini yenye chaji hasi. Huivuta rangi kutoka kwenye utando wa nje na kuibeba. Kwenye seli zilizooteshwa ni msaada. Kwenye vipande vya ubongo ni lazima, maana huko utando usiohusika ni mwingi mno na bila kivutaji hicho utaona ukungu mtupu.

Baada ya hapo rudisha mmumunyo wa kawaida wenye kalisi, piga picha za mwanzo 10 bila kuchochea, kisha chochea tena misukumo 600 hadi 900 huku ukipiga picha moja kila sekunde moja au mbili. Mwishoni chochea mara ya pili kwa nguvu ili kumaliza kilichobaki. Tofauti kati ya mng'ao wa mwanzo na wa mwisho, kinundu kwa kinundu, ndiyo kipimo chako. Mng'ao wa mwanzo peke yake si kipimo cha chochote. Ndani yake umo utando ambao haukuosheka, endosomu (vifuko vya kawaida vya ndani ya seli) za dendriti, matawi ya neva yanayopokea ujumbe, ambazo huchota rangi muda wote bila kusubiri msukumo, na masalia ya seli zilizokufa.

Seli zilizokufa zinastahili neno lao. Ulinzi wote wa rangi hii umo kwenye utando mzima. Seli ikitoboka, FM1-43 huingia ndani na kupaka kila utando inaoukuta, na seli hiyo inang'aa kuliko majirani wote. Mgeni wa mbinu huivutia hadubini huko huko kwa sababu ndiko kunakopendeza. Kanuni ni rahisi: doa zuri la sinapsi ni dogo, mikromita moja hivi, liko kwenye uzi wa aksoni, na linafifia linapochochewa. Doa lisilofifia litupwe, lakini andika ni mangapi yametupwa na kwa kigezo gani. Dawa inayonyamazisha nusu ya vinundu na kuacha nusu nyingine vilevile itaonekana haina athari ikiwa umetupa vilivyonyamaza.

Njia fupi ya kuchochea kwa potasiamu nyingi (KCl 90 mM, NaCl ipunguzwe hadi 31.5 mM ili jumla ibaki ileile) inapendwa kwa kuwa haihitaji elektrodi. Inafaa kwa kuthibitisha kwamba seli zina sinapsi hai. Kwa kupima mwendo haifai. Potasiamu hufungua neva zote kwa pamoja na kuziacha wazi, na ncha ya neva inayoelemewa hivyo huvuta utando kwa mapande makubwa badala ya kifuko kimoja kimoja. Mapande hayo yanachota rangi nyingi, kisha hayaimwagi kwa haraka. Utapata madoa mazuri yasiyotaka kufifia, na utakuja kudhani dawa yako imezuia utoaji.

Elektrodi nazo zina vituko. Viputo vya gesi vikijikusanya kwenye platinamu, nguvu ya umeme hupungua na nusu ya uwanja wa picha haichocheki. Badilisha mwelekeo wa umeme kati ya mipigo, futa waya, na kabla ya kuanza mfululizo wa siku hakikisha kwa rangi ya kupimia kalisi kwamba kila mpigo unazaa msukumo.

Mwanga ni adui mwingine. FM1-43 ikipigwa mwanga mkali huzalisha oksijeni kali zinazounguza utando. Wenye hadubini ya elektroni wameigeuza kasoro hiyo kuwa chombo, wakaitumia kugandisha diaminobenzidini iwe doa jeusi ndani ya vifuko vilivyochota rangi. Kwa anayepima seli hai ni hasara tupu. Punguza taa kwa kichujio cha kijivu hadi mahali picha inapoanza kuwa na chembechembe, fungua taa kwa milisekunde 50 hadi 200 kwa kila picha, na ufunge katikati. Kila siku ya kazi kiwepo kioo kimoja kisichochochewa, kilichopigwa picha idadi ileile. Mng'ao wake ukishuka kwa kiasi kikubwa kuliko asilimia chache, mteremko unaouona kwenye vioo vingine ni mchanganyiko wa vifuko vinavyofunguka na rangi inayopauka, na hakuna hesabu itakayovitenganisha kwa uaminifu.

Kuhusu vichujio, maabara nyingi hutumia seti iliyopo ya GFP (protini inayong'aa kijani) na kulalamika kuwa rangi ni hafifu. Ndani ya utando FM1-43 huchochewa vizuri karibu na nanomita 480, lakini hutoa mwanga wake mwingi karibu na 600. Kichujio chembamba cha 520 kinashika ukingo tu wa mng'ao huo. Weka kichujio kinachopitisha kila kitu zaidi ya 515, au dirisha la 560 hadi 640, na rangi ileile itaonekana nyingine kabisa.

Mng'ao mpana namna hiyo unaifanya isikae vizuri pamoja na GFP. Kama seli zako zimebeba protini yenye GFP, nunua ndugu yake FM4-64, anayechochewa kwa mwanga wa kijani na kutoa mwekundu wa mbali, zaidi ya 650. Hana mng'ao mkali kama FM1-43, ila hachafui chaneli ya kijani. FM2-10 ana mikia mifupi, hivyo huachia utando haraka zaidi na huosheka upesi. Gharama yake ni kwamba huhitajika kwa ukolezi mkubwa zaidi, mara nyingi 100 µM na kuendelea. FM1-84 mwenye mikia mirefu ni kinyume chake. Molekuli hizi huuzwa pia kwa majina mengine: SynaptoGreen C4 ni FM1-43 yenyewe, SynaptoRed C2 ni FM4-64. Soma muundo, usisome lebo.

Ipo pia FM1-43FX, yenye amini inayoshikwa na formaldehidi ili sampuli iweze kugandishwa kwa kemikali hiyo. Hii ndiyo bidhaa ya familia hii inayosifiwa kupita uwezo wake. Inagandishika kweli, na kwenye misuli ya lava wa inzi wa matunda au kwa kupeleka sampuli kwenye hadubini ya elektroni inafaa sana. Lakini anayetaka kuigandisha, atoboe utando kwa Triton X-100, kisha aweke kingamwili dhidi ya protini ya sinapsi, atakuta sehemu kubwa ya mng'ao imeondoka na sabuni. Njia salama zaidi ni kupiga picha zote za rangi kwanza seli zikiwa hai, kuweka alama kwenye kioo, halafu kugandisha, kupaka kingamwili za sinaptofisini au VGLUT1 (protini za vifuko), na kulinganisha picha mbili za mahali palepale. Ni kazi ya ziada, na inalipa.

Dawa unayoipima inaweza kukupotosha kwa njia tatu. Kwanza, huenda yenyewe inang'aa au ina rangi. Piga picha ya seli zenye dawa bila FM. Pili, inaweza kuingilia jinsi rangi inavyokaa kwenye utando, na hilo utaligundua ukilinganisha mng'ao wa utando wa nje kabla ya kuosha. Tatu ni wakati: dawa iliyokuwepo wakati wa kuchota na wakati wa kumwaga haikwambii imegusa hatua ipi. Kwa swali la utoaji, jaza rangi kwanza, osha, kisha weka dawa. Kwa swali la kuvuta utando ndani, weka dawa kabla ya kujaza na iondoe kabla ya kumwaga. Watu huchanganya hizi mbili kisha wanabishana kuhusu dinamini, protini inayokata utando unaovutwa ndani.

Rangi nayo si malaika. FM1-43 huzuia vipokezi vya asetilikolini vya aina ya muskarini, kwa hiyo usiitumie kimya kimya kwenye mfumo unaovitegemea. Tena hupenya kupitia baadhi ya mifereji ya ioni iliyo wazi, ikiwemo ile ya seli nywele za sikio la ndani na TRPV1 ya neva za maumivu. Kwenye seli hizo mwili mzima utang'aa na haitakuwa na uhusiano wowote na vifuko.

Majaribio ya ulinganisho yasiyoepukika ni mawili. La kwanza, kujaza bila kalisi, pamoja na EGTA inayofunga kalisi iliyosalia, ambapo madoa hayapaswi kutokea. La pili, seli zilizotibiwa kwa sumu ya pepopunda, inayokata sinaptobrevini, protini inayounganisha kifuko na utando wa nje, ambapo hata kukiwa na mng'ao wa nyuma hakuna kinachopaswa kufifia kwa uchochezi. Bila haya mawili, mteremko wowote wa mstari kwenye skrini ni mapambo. Na hesabu ifanywe kwa vioo na kwa malezi tofauti ya seli, si kwa vinundu. Vinundu 500 vya kioo kimoja ni sampuli moja iliyopimwa mara 500.

Washindani wake ni wa aina nyingine. Protini za pHluorin, zilizotokea mwaka 1998, huunganishwa na sinaptobrevini au VGLUT1 na kung'aa kifuko kinapofunguka, kwa kuwa pH ya ndani, karibu 5.5, huzizima na pH 7.4 ya nje huziwasha. Zinakuambia protini iko wapi, na zinaweza kusomwa mara nyingi kwenye kinundu kilekile bila kujaza upya. Bei yake ni kuingiza jeni, kusubiri siku kadhaa, na kuishi na ukweli kwamba seli sasa ina protini ya ziada ambayo sehemu yake hukaa kwenye utando wa nje. FM1-43 inafanya kazi siku ileile kwenye seli yoyote, hata ile isiyokubali jeni. Kwa glutamati yenyewe chombo ni iGluSnFR, protini inayong'aa ikishika glutamati, kwenye seli, au kwenye sinaptosomu (ncha za neva zilizotenganishwa) jaribio la kimeng'enya cha glutamati dihidrojenesi, ambapo NADPH inayotengenezwa husomwa kwa kuchochea kwa 340 na kupokea kwa 460. Kwa dopamini kuna elektrodi ya nyuzi za kaboni, na rangi kama FFN511 zinazobebwa na protini ya VMAT2 hadi ndani ya kifuko.

Anayeuliza "vifuko vinazunguka kwa kasi gani, na vingapi?" hatapata chombo cha haraka kuliko FM1-43. Anayeuliza ni nini kilikuwa ndani ya vifuko, au ni protini ipi iliyorudishwa, ainunue kama kipimo cha pili.

Kwenye kuagiza, vifurushi vya mikrogramu 100 mara 10 vinazidi kichupa cha miligramu moja kwa maabara inayofanya kazi hii mara moja moja: kila kichupa kidogo huyeyushwa kwenye mikrolita 16 hivi kupata 10 mM, kinatumika, kinaisha. Kichupa kikubwa ni cha wanaojaza rangi kila wiki. Na oda ya kwanza iende pamoja na ADVASEP-7, kwa sababu ikichelewa, utaanza bila hiyo.